Kikombe cha Chai, Gunia la Mahindi na Saratani ya Njia ya Chakula

(Hotuba iliyotolewa bwaloni Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Nilipoingia bwalo hili kwa mara ya kwanza, mwaka 1993, nilikuwa mtoto wa Kidato cha Kwanza mwenye sahani ya bati na kijiko kilichochorwa jina kwa msumari. Leo nimesimama mahali alipokuwa akisimama mwalimu wa zamu kututangazia adhabu. Msiwe na hofu, sikuja kumwadhibu mtu. Nimeambiwa vile vile kwamba chakula cha mchana ki tayari, na msemaji anayesimama kati ya watu na chakula chao hana budi kuwa mwangalifu. Bahati nzuri nimekuja kusema juu ya chakula chenyewe.

Mimi si daktari. Ni mtumishi wa Serikali, na kazi niliyosomea Chuo Kikuu na ninayoifanya hadi leo ni takwimu, yaani kuhesabu watu, mazao, vizazi na vifo, kisha kuuliza kwa nini hesabu ya mahali hapa haifanani na ya mahali pale. Nisingethubutu kusema juu ya maradhi kama nisingesukumwa na jambo moja, nalo nitalieleza kwanza.

Wenzangu wa mwaka wetu wanamkumbuka kiranja wetu wa bwalo. Ndiye aliyegawa ukoko kwa haki, na ndiye aliyethubutu kwenda ofisini kusema kwamba maharage yana wadudu kuliko maharage yenyewe. Katikati ya mwaka 2021 alinipigia simu. Katika mazungumzo alisema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba ugali unamkwama kifuani, asukume kwa maji ndipo ushuke. Nami, msomi wa Chuo Kikuu, nikamwambia ni koo tu hilo, atafute tangawizi, anywe chai ya moto. Akafuata ushauri wangu. Baada ya ugali ikawa nyama, baada ya nyama ikawa wali, na mwisho akawa anaishi kwa uji. Nyumbani kwake walikwisha anza kusema kwamba amelogwa na mtu waliyegombania mpaka wa shamba. Ilipita miezi minne kabla hajafika penye kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera kooni. Ilikuwa saratani ya umio, yaani ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, nayo ilikuwa imekwisha kuziba njia. Madaktari walimwekea kijibomba cha kutanua njia ili apate kumeza uji na maji. Alifariki Machi 2022.

Siku ya maziko, mzee mmoja alisema karibu yangu, bila kunikusudia mimi, kwamba huyo alikuwa wa nne kijijini hapo kufa kwa kushindwa kumeza. Neno lile, “wa nne”, lilinishika. Ni neno la kazi yangu. Niliporudi nilianza kusoma, na haya ninayowaambia leo ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza, ukubwa wa jambo. Kwa makadirio ya mwaka 2022, saratani za aina zote ziliua watu wapatao milioni 9.7 duniani. Saratani ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa iliua kama 904,000. Ya ini 758,000. Ya tumbo 660,000. Ya umio 445,000. Ukijumlisha na ya kongosho, unapata karibu theluthi moja ya vifo vyote vya saratani. Theluthi nzima imo katika njia ya chakula na viungo vinavyoihudumia.

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, jambo la kustaajabisha zaidi ni jinsi vifo hivyo vilivyogawanyika. Laiti maradhi yangekuwa ni bahati mbaya tupu, yangetawanyika kama mvua ya masika, kila mtaa ungelowa. Haiko hivyo. Saratani ya utumbo mpana imejaa Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na New Zealand. Huku kwetu Afrika ni chache kwa kulinganisha. Saratani ya tumbo imeshika Asia ya Mashariki, yaani Japani, Korea, China na Mongolia. Na saratani ya umio, hiyo iliyomchukua mwenzetu, imejipanga katika mikanda miwili. Mmoja unaanzia kaskazini ya Irani, unapita Asia ya Kati hadi kaskazini ya China. Wa pili ni wetu: unashuka kutoka Ethiopia, unapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, unafika hadi upande wa mashariki wa Afrika Kusini. Malawi imo miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa ugonjwa huu. Lakini ukienda Nigeria au Ghana, watu weusi kama sisi, umio si tatizo kubwa hata kidogo.

Hapo ndipo mtu anapouliza: tofauti hii imo katika damu, au imo katika sahani?

Jibu zuri kupita yote lilitolewa na watu waliohama. Wajapani wengi walihamia Hawaii na California tangu mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1968 wataalamu wawili, William Haenszel na Mitsugu Kurihara, walitoa uchunguzi wao juu ya vifo vya wahamaji hao. Waliozaliwa Japani na kuhamia Marekani waliendelea kubeba sehemu kubwa ya hatari ya saratani ya tumbo waliyotoka nayo. Watoto wao waliozaliwa Marekani, hatari hiyo ikapungua sana. Lakini saratani ya utumbo mpana, ambayo zamani ilikuwa ndogo Japani, iliwapanda hao wahamaji mpaka wakakaribia wenyeji wao Wamarekani. Damu ni ile ile, ya baba na mama wale wale. Kilichobadilika ni maisha, na sehemu kubwa ya maisha hayo ni chakula. Waliacha samaki wa chumvi na mboga zilizolala katika chumvi, wakazoea nyama na mafuta ya Wamarekani. Kwa maneno mengine, waliacha kifo kimoja bandarini wakakutana na kingine mjini.

Mtu mwingine aliyeuona ukweli huu aliuona hapa jirani. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi 1966, na wengi mnalijua jina lake kwa ajili ya uvimbe wa taya za watoto uliopewa jina hilo. Alitambua kwamba maradhi ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza alikuwa hayaoni kwa wagonjwa wake Waafrika, na akawa anauliza hospitali nyingi za Afrika, nyingine za misheni ndogo vijijini, zinaona nini. Mwaka 1971 alitoa makala yake akisema kwamba tofauti imo katika makapi ya nafaka na mboga: mtu wa kijijini anakula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, kinapita upesi na kwa wingi, Mzungu amekoboa nafaka yake mpaka imebaki unga mweupe. Wapo waliomcheka. Mwaka 2003 ulitolewa uchunguzi wa zaidi ya watu laki tano katika nchi 10 za Ulaya, ukaonyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana iliyo chini kwa kama robo kuliko waliokula kidogo kabisa.

Vijana, mnalielewa jambo hili? Hiyo ni habari ya dona na sembe. Dona ndilo tulilokuwa tukililalamikia katika bwalo hili. Tuliandika barua kwa Mkuu wa Shule wa wakati ule tukidai sembe, nami ndiye niliyeiandika kwa kuwa hati yangu ilikuwa nzuri. Leo ninaiondoa sahihi yangu.

Sasa tuje kwenye ukanda wetu. Kwa nini umio, na kwa nini huku? Wataalamu hawajataja sababu moja, nami sitawaongezea ya kwangu. Lakini ziko sababu zilizokwisha kupata ushahidi, na ya kwanza imo mkononi mwa kila mmoja wetu asubuhi.

Kule kaskazini ya Irani, katika mkoa wa Golestan, watu wengi hawavuti sigara wala hawanywi pombe, ambavyo katika nchi za Magharibi ndivyo visababishi vikubwa vya saratani ya umio. Hata hivyo umio unawaua. Mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi wa chai yao. Waliokunywa chai yenye joto la nyuzi 65 hadi 69 za sentigredi walikuwa na hatari kama mara mbili ya waliokunywa iliyopoa. Waliokunywa ya nyuzi 70 na zaidi, hatari yao ilikuwa kama mara nane. Kosa halikuwa la majani ya chai, lilikuwa la moto. Ngozi laini ya umio inaunguzwa leo, inapona. Inaunguzwa kesho, inapona. Na katika kuungua na kupona miaka 30, siku moja inapona vibaya. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu.

Na sisi je? Watafiti walikuja kupima chai hapa hapa Kilimanjaro, na mwaka 2015 wakatoa matokeo. Watu walianza kunywa chai yao ikiwa, kwa wastani, juu kidogo ya nyuzi 70. Waliokunywa chai ya maziwa waliinywa ya moto zaidi kuliko waliokunywa ya rangi. Kenya nako, uchunguzi uliofanywa Eldoret na kutolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanaokunywa vya moto sana wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya umio. Mnaona basi ushauri niliompa rafiki yangu ulikuwa wa namna gani. Siwezi kusema chai ndiyo iliyomuua. Takwimu za mkoa haziwezi kumsemea mtu mmoja. Lakini nilimwambia amwage moto juu ya kidonda.

Baada ya kusoma hayo nilinunua kipimajoto cha jikoni nikakipeleka ofisini. Chai ya maziwa iliyotoka kwenye chupa ilikuwa juu ya nyuzi 75. Katika kikombe kisichofunikwa ilichukua kama dakika saba kushuka chini ya 65. Huo haukuwa utafiti, ni udadisi wa mtu na kikombe chake. Lakini dakika saba, ndugu zangu, ni muda wa kusoma ukurasa mmoja wa gazeti.

Jambo la pili ni gunia la mahindi. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu. Wataalamu wetu huiita sumukuvu. Mojawapo, iitwayo aflatoksini, ilitambulika baada ya bata mzinga wengi kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye ukungu. Ikiingia nyingi kwa mara moja huua upesi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake nchini Kenya, waliugua watu 317 wakafa 125. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara. Waliugua 68 wakafa 20. Hao walikufa kwa sumu, si kwa saratani. Lakini sumu hiyo hiyo ikiingia kidogo kidogo kila siku kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini, na humdhuru zaidi mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Iko sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, fumonisini, iliyogunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988 na watu waliokuwa wakitafuta chanzo cha saratani ya umio iliyojaa Transkei. Hiyo bado inashukiwa, na uchunguzi unaendelea.

Hapa kuna fundisho gumu kidogo. Nimelisifu dona. Lakini ukungu hukaa zaidi katika ganda na kiini cha hindi, kwa hiyo kukoboa hupunguza sumu. Ndiyo kusema dona la mahindi safi ni afya, na dona la mahindi yenye ukungu ni baya kuliko sembe. Asiwepo mtu atakayekwenda nyumbani akasema, “Yule bwana alituambia tule dona,” akaishia hapo. Nimesema dona safi.

Jambo la tatu linatuhusu zaidi sisi tuliokwenda mjini. Wanachama wenzangu, tutazamane bila haya. Vitambi vyetu vimekuja na magari yetu leo asubuhi. Tumeacha kiburu, makande, mboga za majani na maharage. Tumeshika chipsi, soseji, soda na nyama choma ya kila Ijumaa. Mwaka 2015 shirika lile lile la Lyon lilitangaza kwamba nyama za kusindikwa, kama soseji na bekoni, husababisha saratani ya utumbo mpana: kila gramu 50 kwa siku huongeza hatari kwa kama asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha. Mwaka huo huo wataalamu walifanya jaribio la kubadilishana vyakula. Wamarekani Weusi 20 walipewa chakula cha kijijini Afrika Kusini, na Waafrika Kusini 20 wa kijijini wakapewa chakula cha Kimarekani. Katika wiki mbili tu, dalili za uvimbe na za chembe kuzaana kupita kiasi katika utumbo zilishuka kwa wale wa kwanza, zikapanda kwa wale wa pili. Wiki mbili! Hilo si sawa na kupata saratani, bali ni ishara ya njia unayoelekea.

Na mwaka 2025 matokeo ya jaribio kama hilo yalitoka mkoani kwetu. Vijana wa kiume 77 wa Moshi mjini na wa vijijini walishiriki. Waliotoka kwenye chakula cha asili cha Kilimanjaro wakaingizwa kwenye chakula cha Kizungu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe kuongezeka. Waliorudishwa kwenye chakula cha asili, zilipungua. Wako waliopewa mbege ya wiki moja nao wakaonyesha nafuu. Naona nyuso zimechangamka huko nyuma. Poleni. Pombe ya aina yoyote imo katika orodha ya visababishi vya saratani, ya umio ikiwamo, na wiki moja ya mbege ya majaribio haiwi ruhusa ya miaka 30 ya baa.

Nisieleweke vibaya kwamba chakula ndicho kila kitu. Tumbaku, ya kuvuta na ya kunusa, ina sehemu yake kubwa. Virusi vya homa ya ini vina sehemu yake. Bakteria wa tumbo aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwaka 1982, na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, ana sehemu yake katika saratani ya tumbo. Mwaka 1981, Richard Doll na Richard Peto, ambao sisi watu wa takwimu huwaheshimu sana, walikadiria kwamba kama asilimia 35 ya vifo vya saratani Marekani vingeweza kuzuilika kwa chakula. Lakini hawakuficha kwamba huenda ikawa asilimia 10, huenda ikawa 70. Nawataka vijana wa Kidato cha Tano na Sita mjifunze hapo: msomi wa kweli hutoa hesabu yake pamoja na mashaka yake.

Wala tusimhukumu mgonjwa. Hakuna aliyekunywa uji wa moto kwa ujinga. Tunakunywa kwa kuwa asubuhi za mlima huu ni baridi, kwa kuwa mgeni hupewa chai inayotoa mvuke ndiyo heshima, na kwa kuwa kengele ya shule haimngojei mtu. Na hilo, Ndugu Mkuu wa Shule, ndilo linalonifikisha kwenye maombi yangu.

Nakumbuka uji wa hapa. Ulikuwa ukitoka kwenye sufuria ukichemka, na kengele ya darasa ilikuwa inapigwa dakika 10 baadaye. Tuliumeza tukitoa machozi, na aliyemaliza wa kwanza alipata nyongeza. Sikumwona mpishi wala mwalimu aliyekuwa na nia mbaya. Wapishi wetu walikuwa wakiamka saa tisa za usiku ili tushibe. Lakini miaka sita ya namna hiyo hufundisha koo tabia ya maisha. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uji na chai vimiminwe mezani dakika 10 kabla wanafunzi hawajaingia. Jambo hili halina gharama yoyote.

Ombi la pili ni la ghala. Nimeongea na wenzangu wa mwaka wetu, nasi tumekubaliana kutoa fedha za chaga za mbao, ili gunia lisiguse sakafu wala ukuta, pamoja na mifuko isiyopitisha hewa na kifaa kimoja cha kupimia unyevu wa nafaka. Mahindi yasipokelewe yakiwa na unyevu unaozidi kama asilimia 13. Na mpaka kifaa kifike, iko njia ya wakulima: chukua chupa kavu, tia kiganja cha mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Wanafunzi wa kemia wafanye hivyo kila shehena ikija, na punje zilizooza na zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa, wala asipewe kuku. Tumekubaliana vile vile kwamba chaga hizo zipewe jina la kiranja wetu wa bwalo. Hakuwa mtu wa kupenda sanamu, lakini angependa ghala safi.

Ombi la tatu ni kwenu nyote, vijana kwa wazee. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu akikuambia chakula kinamkwama, usimpe tangawizi. Mwambie aende hospitali, na akirudishwa na dawa ya vidonda vya tumbo bila kipimo, arudi tena. Akipungua uzito bila sababu, akitapika damu, akiona damu katika choo, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au macho yakigeuka manjano, aende. Na wazee wa nyumbani wakisema amelogwa, msibishane nao mchana kutwa. Mpakieni mgonjwa kwenye gari, mabishano yataendelea mkirudi.

Ndugu Mwenyekiti, yule mzee wa mazikoni alihesabu wanne. Hakuwa na kalamu wala ofisi, lakini alijua kuhesabu, na hesabu yake ndiyo iliyonileta hapa. Kazi iliyobaki ni yetu sisi tuliofundishwa kusoma katika shule hii: kuhakikisha kwamba vijana hawa, wakija kusimama mahali hapa miaka 30 ijayo, meza zao zina mapengo machache kuliko zetu.

Sasa naona mpishi ananiangalia. Nendeni mkale, na chai ikija, ongeeni kwanza.